Masika ya Kamera Zilizozimwa

Ijumaa, 20 Machi 2020
Leo tumefunga idara. Profesa Otiende, mwenyekiti wetu wa Kemia, alisimama mlangoni pa ofisi yangu na funguo mkononi akasema, "Kanyiva, wewe ndiye utakayetushikanisha. Fungua grupu la WhatsApp, tia walimu wote na wanafunzi wa mwaka wa nne. Tuwe familia moja."

Nikamwuliza familia hiyo itatumia bando za nani. Akacheka tu.

Mimi ni karani. Kemia sikuisoma. Ninachojua ni nani hanywi chai ya sukari na nani hasomi barua pepe mpaka apigiwe simu. Kompyuta ya ofisi nimeileta nyumbani ndani ya karai, nimeifunika kwa leso ya mtoto, maana mvua ilikuwa imeshaanza. Ghorofa zetu za Huruma hazina taa kwenye ngazi, nami nakaa juu kabisa. Nimepanda nikiomba nisiteleze, kwa kuwa nikivunjika mguu nitapona, lakini kompyuta ina nambari ya chuo.

Jumanne, 24 Machi
Mvua. Grupu limejaa. Walimu wanatuma dawa ya kitunguu saumu na ndimu, ya kuvuta mvuke chini ya blanketi. Madaktari wa kemia hao. Nzuki, fundi wa maabara, amenitumia ujumbe pembeni: "Mama Wavinya, na hawa ndio hunikataza kunusa chupa."

Jumatatu, 30 Machi
Somo la kwanza la Zoom, na jasho limenitoka kama nimefua mablanketi. Kazi yangu ni kufungua mlango, kuingiza watu na kuandika waliohudhuria. Profesa aliongea robo ya kipindi maiki ikiwa imezimwa, sisi tunampungia mikono, naye anatupungia vilevile.

Halafu akaingia Daktari Patrobas. Huyu ni mtu wa kanuni. Hata kalamu akikuazima anakungoja umalize kuandika. Akasema, "Kila mtu awashe kamera. Mimi sifundishi majina." Wakawasha, isipokuwa mmoja, Ifrah Abdirizak.

"Ifrah, uko?"

"Niko, Daktari."

"Sikuoni."

"Kamera yangu... nisamehe, Daktari."

"Basi hauko. Kanyiva, andika hayuko."

Nikaandika. Nilidhani amelala kitandani na shuka kichwani. Vijana.

Ijumaa, 3 Aprili
Wavinya ana mafua. Ni mafua tu. Lakini siku hizi mtoto akipiga chafya majirani wanafunga madirisha.

Jumanne, 7 Aprili
Nairobi imefungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Mume wangu Nzivo alipeleka lori Malaba, mpakani, na amekwama kwenye foleni ya madereva wanaongoja kupimwa. Ameniambia wamepika ugali chini ya trela. Akauliza, "Mama Wavinya, unashindaje?" Nikamwambia nashinda nikisema mnanisikia, mnanisikia, mnanisikia.

Jumatano, 15 Aprili
Nzuki amepewa ruhusa ya kuingia maabara peke yake. Anatoka Dandora asubuhi na mapema, anafanya jaribio, anajipiga video kwa mkono mmoja na kumimina kwa mkono wa pili. Mimi nazikata hizo video ziwe ndogo ili walio Garissa na Turkana wazifungue bila kulia. Leo kulikuwa na maji meupe ambayo ukiyadondoshea kitu, tone kwa tone, yanageuka waridi ghafla. Wavinya alipiga kelele, "Tena!" Tukarudia mpaka chaji ikaisha. Stima haikuwepo tangu usiku.

Jumatatu, 20 Aprili
Ifrah tena. Kamera giza, "andika hayuko." Sasa mkuu wa kitivo ametangaza kwamba asiyehudhuria vya kutosha hataruhusiwa kutetea mradi, na asiyetetea atarudia mwaka. Nimempigia simu nikiwa nimejitayarisha kumkaripia kama dada.

"Wewe msichana, unajua unachezea mwaka mzima?"

"Madam, si kucheza."

"Basi washa hiyo kitu."

Nyuma yake nilisikia wanawake wengi wakiongea Kisomali, sufuria, mtoto akilia. Akasema kwa sauti ya chini: "Madam, tuko chumba kimoja. Hooyo, mama yangu, na shangazi zangu wako nyumbani kwao, hawajajifunika. Nikiwasha kamera, wanaume wa chuo kizima wanawaona. Siwezi kuwaambia wavae buibui mchana kutwa kwao wenyewe kwa sababu yangu."

"Si ukae mgongo ukutani?"

"Ukuta upi? Duka la baba limefungwa nusu, mzigo wote uko hapa. Mapazia yamepanda mpaka darini."

"Watu wa mapazia, na hamna pazia moja la kujikinga?"

Akacheka kwa mara ya kwanza. "Ya kuuza hayafunguliwi, Madam. Nilijaribu chooni. Huko network inakufa baada ya dakika."

Nilipokata simu niliangalia kamera yangu inaonyesha nini. Inaonyesha kamba ya nguo, na kwenye kamba, nguo zangu za ndani. Wiki zote hizi. Hakuna aliyeniambia kitu.

Jumanne, 21 Aprili
Nimempigia Daktari Patrobas, nimemweleza vizuri. Akanisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akasema, "Kanyiva, nitajuaje ni yeye anayejibu? Nikimwachia mmoja, kesho wote wako gizani." Nikamwambia sauti yake mimi naijua. Akasema, "Sauti si kitambulisho."

Profesa naye anasema, "Tutaona." Tutaona ndiyo dawa yake ya kila kitu, kama wale wa kitunguu saumu.

Jumatano, 29 Aprili
Maji ya mfereji hayaji, ya mvua hayaishi. Nimekinga ndoo dirishani.

Nimepata ushindi kidogo: Profesa amekubali Ifrah awe anaandika muhtasari wa kila somo na kunitumia, ihesabiwe kuwa amehudhuria. Patrobas amekubali kwa shingo upande. "Lakini siku ya kutetea," akasema, "nitamwona uso."

Alhamisi, 7 Mei
Eastleigh imefungwa peke yake, kisiwa ndani ya mji. Kutoka dirishani kwangu ningeweza kutembea hadi huko kabla chai haijapoa, na sasa ni kama ng'ambo ya mpaka. Ifrah ameniambia baba yake amemwambia: "Chuo ni mwaka huu. Ukirudia, utarudia ukiwa dukani." Mzee Abdirizak hakusema kwa ubaya. Mapazia hayanunuliwi, na ndugu zake wadogo wako nyuma yake.

"Kwa hivyo usirudie," nikamwambia.

"Sirudii, Madam."

Wavinya anamjua sasa. Simu ikilia jioni anauliza, "Ni Ifa?" Ifrah humhesabia kwa Kisomali, naye hurudia vibaya, wote wawili wanacheka. Mimi hapo ndipo napata nafasi ya kukosha vyombo.

Alhamisi, 14 Mei
Ifrah ameniomba ruhusa. Kumi la mwisho la Ramadhani limefika na mama yake amewaomba wote waweke simu kando, wazime kabisa, washughulike na ibada. Kutetea ni tarehe tano Juni, kwa hivyo akaona kuna muda. Akaomba nimpe jibu la uhakika.

Nikampa. Nikasema, "Tarehe ni hiyo hiyo. Zima, uombe, na mimi uniombee mume atoke Malaba." Nilifurahi hata, kumpa mtu kitu kimoja ambacho hakina matata.

Jumatatu, 18 Mei
Mama mzazi wa Daktari Patrobas ameaga dunia, kwao Busia. Niliposoma ujumbe wake nilikaa chini. Aliandika kama anavyoandika mambo yote, kwa nukta na koma: "Mama yangu amefariki alfajiri. Sitaweza kufundisha leo."

Grupu likawa la msiba. Poleni, Mungu awape nguvu, mishumaa, mistari ya Biblia. Profesa akaandika: "Kwa heshima ya mwenzetu, hakuna jambo lingine litakalowekwa hapa mpaka mazishi yapite." Ndivyo sisi tulivyo. Huwezi kuingia matangani na tangazo la kazi.

Jumanne, 19 Mei
Mkuu wa kitivo ameandika asubuhi. Siku ya kutetea imeharakishwa. Si Juni tena, ni Ijumaa hii. Tarehe ishirini na mbili. Eti alama zinatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi, na asiyekuwepo ahesabiwe kuwa amejiondoa.

Nikampigia Profesa. "Niweke tangazo kwenye grupu?"

"Kanyiva, mwili haujazikwa."

"Ijumaa ni siku tatu tu, Prof."

"Mazishi ni kesho. Unataka watu waone tarehe ya mtihani katikati ya pole? Patrobas atatuonaje?"

"Basi mwambie mkuu wa kitivo asogeze."

"Nimemwambia. Amesema pole. Kisha akasema Ijumaa."

Nikatamani kutupa simu nje ya dirisha, ila ndiyo niliyo nayo. Nikaanza kupiga mmoja mmoja, Wavinya mgongoni. Wa Turkana alipanda kilima kunisikia. Wa Kisii alilia kidogo, nikamwambia alie baadaye. Wote nikawapata, wote, isipokuwa mmoja. Na huyo mmoja ni mimi niliyemwambia azime.

Mteja wa nambari uliyopiga. Mteja wa nambari uliyopiga. Mpaka Wavinya akaanza kumwigiza yule mwanamke wa simu.

Jumatano, 20 Mei
Naandika mchana huu mtoto akiwa amelala.

Asubuhi tulimzika mama wa Daktari Patrobas kwa Zoom. Kibali chake cha kutoka Nairobi hakikutoka, kwa hivyo alimzika mama yake akiwa chumbani kwake Buruburu, mimi nikimfungulia mlango kama ninavyofungulia wanafunzi. Huko Busia mpwa wake alishika simu. Watu wachache, barakoa, mvua nyepesi, na picha inakatika kila mara kwenye uso wa mchungaji. Idara yote ilikuwepo. Patrobas aliingia na kamera wazi, shati jeupe, tai. Walipoanza kuteremsha jeneza, kisanduku chake kikawa cheusi. Jina tu. Dkt. Patrobas.

Hakuna aliyesema washa. Nani angesema? Tulijua yuko. Baadaye maiki yake ikawaka kwa bahati mbaya, tukasikia mtu mzima akimwita mama yake kwa lugha ya kwao. Nikaizima upesi mimi mwenyewe, hicho ndicho nilichoweza kumfanyia.

Kisha nikamfunga Wavinya mgongoni nikateremka hadi Barabara ya Juja.

Polisi wameweka vizuizi. Upande huu sisi, upande ule Eastleigh, katikati lami yenye maji. Magari ya chakula yanapita, watu hapana. Afande akanionyesha kiganja.

"Mama, rudi."

"Afande, natafuta mtu wa kupeleka neno tu."

"Neno halina kibali."

"Nitalipiga kelele kutoka hapa, basi."

Akaniangalia, akamwangalia mtoto. "Piga. Lakini vaa barakoa vizuri."

Ng'ambo palikuwa na mama akipokea mitungi ya maziwa ya ngamia kutoka kwenye gari la Isiolo, anawafokea vijana wanaoibeba. Nikamwita. "Mama wa maziwa! Unamjua Abdirizak wa mapazia?"

Akashika kiuno. "Abdirizak yupi? Hapa ukirusha jiwe unampiga Abdirizak!"

"Mwenye binti chuo kikuu! Ifrah! Anasoma kemia!"

"Yule wa dawa?"

"Si dawa, kemia!"

"Yule aliyeniambia maziwa yangu yana asidi?"

"Huyo huyo!"

Vijana wakacheka mpaka wakatua mitungi. Yule mama hakucheka. "Nilimfukuza dukani kwangu. Unamtakia nini?"

Nikamweleza, nikipaza sauti juu ya injini, kwamba mtihani ni Ijumaa asubuhi, na simu yake imezimwa kwa ajili ya ibada, na asipokuwepo mwaka umekwenda. Nilipofika hapo koo lilikuwa limekwisha, nami nalia kama mjinga kizuizini. Afande akajifanya anaangalia lori.

Mama wa maziwa akajifunga ushungi. "Mimi ni Ruqiyo. Rudi nyumbani, umlishe huyo mtoto. Nikimkosa baba nitampata mama, nikimkosa mama nitapiga kelele ngazini. Na mwambie bado maziwa yangu hayana asidi."

Alhamisi, 21 Mei
Hakuna simu asubuhi. Hakuna simu mchana. Nimepika ndengu zimeungua.

Profesa ameuliza: "Wote wanajua?" Nikasema wote. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda niliogopa kwamba nikisema hapana, itakuwa kweli.

Baadaye: simu! Sauti yake ikikimbia. "Madam! Ruqiyo amekuja na mtungi, amegonga kila mlango wa ghorofa, jengo zima linajua nina mtihani!" Nikataka kumkumbatia na kumchapa. Nikamwambia aketi, asome, na asubuhi anipigie kwa video, sisi wawili tu, mwanamke kwa mwanamke.

Ijumaa, 22 Mei
Wavinya nilimwacha kwa jirani. Kabla ya kuanza Ifrah alinipigia akiwa amejifungia chooni. Nikamwona kwa mara ya kwanza: uso mwembamba, miwani, amefunga saumu na hajalala. Akashika kitambulisho cha chuo kando ya shavu. Nikamtazama vizuri, kisha picha ikafa.

Zamu yake ilipofika alikuwa amerudi chumbani. Kisanduku cheusi. Profesa akasafisha koo. "Ifrah, kanuni ya leo unaijua. Washa kamera tuanze."

Nilisikia sufuria moja ikiwekwa chini, taratibu.

"Prof, naomba—"

"Bila hivyo siwezi. Nitalazimika kuandika hukuhudhuria."

Karani hasemi kwenye mtihani. Kazi yake ni mlango. Lakini niliangalia vile visanduku, na kando ya cheusi cha Ifrah kulikuwa na cheusi kingine. Daktari Patrobas alikuwa ameingia tangu asubuhi, amewauliza wanafunzi wengine wote maswali, na kamera yake haijawaka tangu siku ya kaburi.

Nikawasha maiki. "Prof, samahani. Ifrah nimemwona uso asubuhi hii, na kitambulisho. Ni yeye, naweka sahihi yangu. Na Daktari Patrobas pia leo tunamsikia tu, na hakuna aliyesema hayuko."

Nilivyomaliza nikajua nimekwisha. Mvua ilikuwa inapiga bati la jirani.

Kisha kisanduku cha Patrobas kikaongea. Sauti ilikuwa imekauka.

"Sahihi ya Kanyiva inatosha. Ifrah, tueleze kwa nini rangi yako ilichelewa kugeuka katika jaribio la tatu. Na usinipe jibu la kitabuni."

Alimsaga. Sijawahi kusikia mtu akiulizwa maswali namna ile. Sikuelewa jibu hata moja, lakini nilielewa sauti: ilianza ikitetemeka, ikapata njia, na mwishowe ilikuwa inambishia. "Hapana, Daktari, hapo sikubaliani." Nikaziba mdomo. Patrobas akasema, "Eleza." Akaeleza.

Jumapili, 24 Mei
Idi. Ifrah amepita. Amenitumia picha ya sahani ya halwa, basi. Patrobas hajaniambia neno. Profesa naye amesema, "Kanyiva, wakati mwingine uniandikie pembeni kwanza." Nikasema sawa, Prof. Sitaandika.

Jumatano, 27 Mei
Nzivo amepimwa, hana ugonjwa, yuko njiani. Jua kidogo. Nimeanika kila kitu, mbali na kamera.

Jumatatu, 1 Juni
Somo la mwaka wa tatu na Daktari Patrobas. Nilingoja aseme lile neno lake la kamera. Akavuta pumzi. Akasema, "Kanyiva, ita majina. Anayeitikia, yuko." Kamera yake ilikuwa imewaka. Amekonda.

Grupu limerudia kitunguu saumu.

Jumatatu, 8 Juni
Eastleigh imefunguliwa. Mvua imekoma kabisa, tope la Juja limekuwa vumbi. Ifrah alisema tukutane pale pale kwenye kizuizi, ingawa hakipo tena. Alikuja na baba yake, Mzee Abdirizak, aliyebeba kifurushi chini ya kwapa. Akanipa kwa mikono miwili. Pazia. "La kuuza," akasema, "lakini hili nimelifungua."

Wavinya alijificha nyuma ya mguu wangu. Hazoei watu wapya siku hizi, barakoa zinamtisha. Ifrah akachuchumaa mbali kidogo, akaanza kuhesabu kwa Kisomali, polepole, kama jioni zile.

Mtoto akachomoa kichwa. Akautazama mkoba wangu, mahali simu inapokaa, akakunja uso. Kisha akamtazama yeye.

"Ifa," akasema, akaenda.